Gitaa la Ng'ambo na Masikio ya Rafiki Yangu

Kabla magitaa ya ng'ambo hayajafika, mimi nilikuwa mtu wa maana kidogo pale Kawangware. Sisemi hivyo kwa majivuno, maana sina tena cha kujivunia. Nasema tu ili ieleweke nilianguka kutoka wapi.

Nilitoka Kitui nikiwa seremala, miaka michache baada ya uhuru, nikapanga chumba na kibanda kwenye ploti ya mama mmoja mwenyeji wa pale. Nilitengeneza vitanda na meza kama mafundi wengine. Magitaa yalinijia kwa bahati. Mtu mmoja aliniletea gitaa lililovunjika shingo, alilokuwa ameachiwa na mzungu aliyerudi kwao. Nikalifungua, nikakaa nalo siku nzima nikilitazama ndani, na jioni ile nikajua kwamba naweza kutengeneza la kwangu. La kwanza lilikuwa baya. La pili nalo lilikuwa baya. La nne nilimpa mtu alipige huku nimesimama nje ya kibanda, nikaona wapita njia wamesimama, nikajua vitanda nimeachana navyo.

Gitaa moja lilinichukua wiki tatu. Shingo niliichonga kwa mvule, uso wa tumbo kwa mbao nyepesi za makasha ya zamani ambazo zilikuwa zimekauka miaka mingi. Vile vyuma vyembamba vya shingoni, ambavyo mpigaji hubonyezea vidole, nilivipima kimoja kimoja. Na daraja, kile kipande cha mbao kilichobandikwa tumboni ambapo nyuzi hufungwa, sikulibandika hata siku moja kabla sijafunga uzi na kusikiliza. Nililisogeza mbele kidogo, nikalirudisha nyuma kidogo, mpaka sauti za chini ya shingo na za juu zikubaliane. Likikaa vibaya kwa upana wa punje ya mahindi tu, gitaa litakuwa tamu ukipiga nyimbo nyepesi karibu na kichwa chake, lakini ukipanda juu linaanza kukusaliti. Kila hatua unayopanda, sauti inazidi kutoka nje.

Magitaa yangu yalikuwa hayang'ai. Lakini yalikuwa yanasema kweli.

Rafiki yangu alikuwa mtu wa Machakos. Alikaa Kibera, upande wa Silanga, na mke wake alilima sukuma wiki kwenye kipande cha ardhi ukingoni mwa bwawa. Rafiki yangu mwenyewe alikuwa kibarua wa kiwanda cha sufuria Industrial Area, anasimama kutwa mbele ya mashine inayogonga bati. Kila asubuhi kabla hajaingia kazini alijaza pamba masikioni. Wenzake walimcheka, wakamwita mgonjwa. Hakujali.

"Kidole kikikatwa nitapiga na vilivyobaki," aliniambia mara moja. "Lakini masikio yakienda nimekwisha."

Sijamsikia mtu mwingine akipiga gitaa kama yeye. Wengi wa siku zile walikaa chini ya shingo, wanapiga rithimu na kuimba. Yeye alipanda juu kabisa, nyuzi mbili kwa pamoja, zikifuatana kama watu wawili wanaoongea bila kukatizana. Gitaa alilokuwa nalo nilimtengenezea mimi, na nakiri kwamba nilimpenda kwa sababu hiyo pia. Jumapili alasiri alikuja kibandani, akakaa kwenye stuli, akapiga, na mimi nikasikia kazi ya mikono yangu ikisema mambo ambayo mimi mwenyewe sikuweza kuyasema.

Halafu yakaja yale mengine. Yalitoka Mashariki ya Mbali, kila moja ndani ya boksi lake la kadibodi, na duka moja mjini likajaza dirisha zima. Yalikuwa mekundu katikati na kuiva mpaka meusi pembeni, yanang'aa kama gari jipya. Kwa bei yake mimi nisingeweza hata kununua mbao. Nilisimama nje ya kioo siku ya kwanza nikicheka, nikajiambia kwamba kitu cha bei ile hakiwezi kuwa gitaa. Kwaya moja ya Kibera ilikuwa imeniagiza mawili. Wiki ile ile wakamtuma mtu aniambie nisianze kazi. Mwalimu aliyekuwa anangoja lake hakuja kulichukua. Ndani ya mwaka mmoja nikarudi kwenye vitanda, na hata vitanda vilikuwa vimeshapata mafundi wengine.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Sikuweza kummeza rafiki yangu.

Yeye na wenzake watatu walikuwa na kikundi. Baada ya kuhangaika sana wakapata mtu mwenye studio mjini aliyekubali kuwarekodi. Kiongozi wao akasema hawawezi kwenda studio na gitaa la mbao za makasha, watachekwa mlangoni. Rafiki yangu akaliuza langu kwa mtu aliyekuwa anahamia Mombasa, akanunua jekundu. Na kwa vile alikuwa mtu asiyejua kuficha, alikuja nalo moja kwa moja mpaka kwangu.

"Usinielewe vibaya," alisema. "Lako ni zuri kuliko hili, najua. Lakini hawa watu wanatazama kwanza, ndipo wasikie."

"Sina neno," nikamwambia.

"Una neno."

"Nimesema sina."

Akalipiga kidogo, nyimbo za chini. Lilikuwa na sauti nyembamba, lakini haikuwa mbaya. Nilijifanya nina kazi. Niliendelea kusugua msasa ubao ambao ulikuwa umeshalainika.

Wiki mbili baadaye akarudi. Nilimwona tangu barabarani, amelibeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Kuna kitu hakiko sawa," alisema. "Nikipiga huku chini niko na wenzangu. Nikipanda juu, wananiambia nimetoka. Nami nasikia nimetoka, lakini nimebonyeza palepale ninapobonyeza siku zote. Nimebadilisha nyuzi. Bado. Hebu litazame."

Nikamwambia aniachie kidogo. Akavuka barabara kwenda kunywa chai. Nikalilaza gitaa mezani, nikachukua uzi wa kushonea, nikapima kutoka kichwani mpaka kwenye chuma cha kumi na mbili cha shingo, halafu kutoka hapo mpaka kwenye daraja. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Havikulingana. Daraja lilikuwa limebandikwa mbele ya mahali pake kwa nusu ya upana wa kidole changu cha mwisho. Nikapima tena ili niwe na hakika. Kisha nikaingiza kioo kidogo kwenye tundu la tumbo: ndani kulikuwa na plaiwudi nyembamba, matone ya gundi kila mahali, na alama ya penseli ambapo mtu alikuwa ameonyesha daraja likae. Alama yenyewe ilikuwa sawasawa. Aliyebandika ndiye ambaye hakuifuata.

Ilikuwa kazi ya siku moja. Kisu chenye moto kidogo, daraja linatoka, unalirudisha nyuma, unalibandika, unangoja gundi ikauke. Ningemtoza kikombe cha chai.

Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini katika zile dakika alizokuwa anavuka barabara kurudi. Nadhani sikufikiri. Nililiona lile gitaa linang'aa juu ya meza yangu, nikaona na mbao zangu zilizokosa mnunuzi zimesimama ukutani, na moyo wangu ukajifunga tu, kama mlango unavyojifunga kwa upepo.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Gitaa ni zima."

"Zima kabisa?"

"Nimepima. Halina kitu."

Akalichukua, akapanda juu ya shingo, akapiga nyuzi mbili, akainamisha kichwa kusikiliza. Akapiga tena.

"Basi ni mimi," alisema.

Ningeweza kusimama hapo. Lakini niliongeza. Nilisema, "Ile mashine yenu ina kelele sana."

Sikusema uongo. Ilikuwa na kelele. Lakini niliona jinsi alivyonitazama, na nilijua nimemwekea nini kichwani: kwamba masikio anayokazia nyuzi yameanza kuharibika.

Habari za studio nilizipata kwa mke wake. Alisema waliingia asubuhi wakiwa wamevaa mashati meupe ya kufanana. Fundi wa mitambo aliwasimamisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara wakifika mahali ambapo gitaa la solo linapanda. Mara ya nne akauliza nani anayewaharibia, na wote watatu wakamgeukia mume wake. Kulikuwa na mpigaji mwingine pale studio, mwenye gitaa lake, akaombwa asaidie. Rafiki yangu akatoka akakaa kwenye benchi la nje mpaka walipomaliza. Alizisikia solo zake mwenyewe, alizozitunga mwaka mzima, zikipigwa na mtu mwingine nyuma ya ukuta. Alimwambia mke wake kwamba zilikuwa sawasawa kabisa, hazikutoka hata kidogo, na hivyo ndivyo alivyojua kwa hakika kwamba ubovu uko kwake.

Alinisimulia hayo mke wake akiwa amekaa kwenye ile ile stuli ya mumewe, kikapu cha mboga kikiwa miguuni. Alikuwa ametembea kutoka Silanga.

"Shemeji," alisema, "siku hizi anajipima masikio. Ananisimamisha mlangoni, anageukia ukuta, ananiambia ninong'one. Nanong'ona, na kila neno analirudia. Mimi naona anasikia vizuri kuliko mimi. Lakini haamini. Wewe unajua magitaa. Hakuna kitu ulichoona?"

Sasa hapa ndipo nisipojisamehe. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anaweza kutafutiwa udhuru. Siku hii sikuwa na hasira yoyote. Nilikuwa na woga. Nilimtazama yule mama, nikafikiri kwamba nikisema sasa, itabidi niseme na kwa nini sikusema kabla ya studio. Uongo ulikuwa umeshanunua shati jeupe, umekwenda mjini, na kumkosesha mtu santuri yake. Sikuwa na nguvu ya kuurudisha.

"Sikuona kitu, shemeji," nikamwambia. "Labda apumzike kidogo."

Akaniachia fungu la sukuma wiki juu ya meza. Nilimkatalia, akaniachia.

Rafiki yangu akaliuza lile gitaa, wala hakununua lingine. Hakuja tena Kawangware. Nilisikia tu kwamba ameomba kazi za ziada kiwandani, anasimama kwenye mashine mpaka Jumapili.

Mimi nami nilimaliza mwaka ule kwa aibu ndogo ndogo. Nilijaribu kupaka magitaa yangu rangi nyekundu. Nilijaribu kutumia plaiwudi na gundi nyingi nipunguze siku za kazi, na moja nililoliuza hivyo likarudishwa baada ya mwezi, tumbo limefunguka. Mwenye kulirudisha hakunigombeza. Alisema tu, "Afadhali ningenunua la dukani." Nikafunga kibanda, nikauza randa na patasi zangu nyingi, nikatafuta kazi ya mshahara.

Niliipata kwenye ghala la mtu aliyekuwa akiingiza magitaa yale yale. Bahari na joto vilikuwa vinayatesa njiani. Mengine yalifika madaraja yamebanduka, mengine shingo zimepinda. Kazi yangu ilikuwa kuyafungua maboksi na kuyarudisha yawe ya kuuzika. Nilikaa chumba cha nyuma na chungu changu cha gundi.

Wiki ya kwanza nilipima kwa uzi. Daraja moja lilikuwa sawa. La pili lilikuwa mbele. La tatu nyuma. Mengine yalikuwa mazuri kweli, ya kushangaza kwa bei ile, na mtu aliyebahatika kupata mojawapo angelipiga miaka mingi akishukuru. Kwa nje yote yalikuwa sawa. Mnunuzi alikuwa anacheza kamari bila kujua. Nilifikiri sana juu ya yule mtu wa huko mbali anayebandika madaraja, bila shaka mamia kwa siku, na msimamizi yuko nyuma yake. Pengine hajawahi kusikia hata moja likipigwa. Nilimtafutia ubaya nikakosa. Yeye hakujua. Aliyejua alikuwa mimi.

Nikaenda kwa mwenye ghala.

"Mzee, haya madaraja mengine yamekaa vibaya. Sauti za gitaa haziwezi kukubaliana."

"Wateja wamelalamika?"

"Hawawezi kulalamika. Wanadhani makosa ni yao."

"Basi," alisema, bila ubaya, huku akitafuta karatasi zake.

"Naweza kuyasogeza. Ni kazi ndogo."

"Ukisogeza, chini kunabaki kovu kwenye rangi. Nani atanunua gitaa lenye kovu? Wewe bandika palepale lilipokuwa."

Nikarudi nikabandika palepale. Nilikuwa na mke Kitui na watoto shuleni, lakini sitaki kujificha nyuma yao. Nilibandika kwa sababu niliambiwa.

Nilikaa hivyo karibu miaka minne kabla sijapata ujasiri wa kwenda Silanga. Sijui hata kama ulikuwa ujasiri. Nilikuwa nimeanza kuamka nikiwa nimeshika uzi usiokuwepo, napima hewa, na nilitaka iishe. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilitembea kutoka Kawangware, nikashuka mpaka karibu na bwawa, nikauliza njia.

Niliwakuta kwenye kibanda cha makaa, yeye na mke wake, wanajaza mikebe. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha, uso umejaa vumbi jeusi. Nilimsalimu. Hakugeuka. Nikafikiri amekataa kunisalimu, na ningemwelewa. Mke wake akamgusa bega, akanielekeza kwa mkono. Akageuka, akaniona, akafurahi. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote: alifurahi.

"Sema kwa nguvu," mke wake akaniambia. "Hasikii."

Nikamwuliza mke wake tangu lini. Akasema tangu mwaka wa pili baada ya studio. Mumewe aliacha kuweka pamba masikioni. Kila asubuhi yeye mke alimkumbusha, naye akamjibu kwamba hakuna haja ya kulinda kitu kilichokufa. Akasimama mbele ya mashine ile siku zote saba masikio yakiwa wazi, mpaka yakafa kweli. Kisha kiwanda kikamwachisha, kwa sababu hakusikia alipoitwa ajihadhari na akamwumiza mwenzake.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kunong'ona. Ikabidi niyapige kelele. Nilisimama pale kando ya njia, watu wakipita na mitungi ya maji, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto kwamba gitaa lilikuwa bovu. Kwamba daraja lilikuwa limekaa vibaya. Kwamba nilipima, nikajua, nikanyamaza, na masikio yake siku ile yalikuwa mazima. Mara mbili aliniambia nirudie. Mama mmoja aliyekuja kununua makaa akasimama na kopo lake mkononi, akasikiliza yote.

Nilipomaliza, aliinua mkono wake mweusi, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimeachana, kuniuliza kwa ishara: kwa kiasi gani?

Nikamwonyesha kwa vidole vyangu. Nusu ya upana wa kidole cha mwisho.

Akavisogelea, akavitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hiyo tu?" alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, kwa vile hakuisikia sauti yake mwenyewe. Halafu akachukua koleo, akaendelea kumjazia yule mama kopo lake.

Mke wake alinisindikiza hatua chache. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Naweza kusema nilikuwa namngoja. Aliniuliza kitu kimoja.

"Bado uko kwenye magitaa, shemeji?"

"Niko kwenye ghala. Yale yale."

"Na hayo mengine mabovu, unawaambia wanaoyanunua?"

Nikamwambia hapana.

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwa mume wake.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Kulikuwa na mzigo mpya umeingia, maboksi yamepangwa mpaka darini. Nikawasha jiko, nikapasha gundi moto, nikafungua la kwanza. Nilifanya kazi pale miaka mingine mitatu, nikibandika palepale.